Feni Isiyo na Mhuri

Kompyuta ya Mama Chapa ilizima katikati ya swali la kumi na tisa la Jiografia. Haikuonya wala haikulia. Kioo kilikuwa cheupe, kikawa cheusi tii, na ndani yake Mama Chapa akajiona mwenyewe: miwani imeshukia puani, mdomo wazi, vidole vyote kumi bado viko juu ya kibodi.

"Imezima tena?" akauliza Dereva, mumewe, kutoka kwenye benchi la wateja.

"Huoni?"

"Pole, mke wangu."

Ilikuwa Jumanne saa nane mchana, na hiyo ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi. Ijumaa saa sita Mwalimu Mkuu wa sekondari alikuwa anazitaka karatasi kumi na nne za mitihani, zimepigwa, zimechapwa na kufungwa kwenye bahasha. Zikifika, kazi zote za shule za mwaka mzima ni za Mama Chapa: mitihani, barua za wazazi, ripoti, hata vyeti. Zisipofika, Mwalimu huyo alishasema bila kumung'unya maneno. "Mama Chapa, nakupenda, lakini kwenye mitihani mimi sina ndugu."

Kazi yenyewe haikumtisha. Alikuwa katibu muhtasi miaka ishirini na sita kwenye ofisi moja, akapunguzwa kwa barua aliyoipiga mwenyewe, kwa sababu pale ofisini hapakuwa na mwingine wa kuipiga ikakaa sawa. Alitoka na kompyuta ya zamani, printa, na mhuri mdogo ulioandikwa IMEPOKELEWA ambao hakuna aliyekumbuka kumdai. Chumba cha mbele cha nyumba akakitia meza, benchi na pazia, na chumba hicho ndicho kilichokuwa kinalisha nyumba nzima. Dereva hakuwa ameshika usukani tangu mgongo wake ugome, miaka mitatu sasa. Limebaki jina tu.

Wateja hawakumchukia, lakini walimzoea. "Mzee Dereva, nishikie hizi." "Dereva, hebu nikimbilie bahasha hapo dukani." Asubuhi ile binti mmoja wa chuo alimtundikia mkoba wake mkononi bila hata kumtazama, akaingia nyuma ya pazia kumsomea Mama Chapa barua yake. Mama Chapa aliona, akacheka kidogo, akaendelea kupiga. Dereva akaushika mkoba mpaka binti alipomaliza.

"Nimwite mdogo wangu aiangalie?" Dereva akasema sasa.

"Si ndiye aliyeisafisha wiki tatu zilizopita? Si akasema imepona?"

"Hata mgonjwa aliyetoka hospitali hurudi."

Mama Chapa akamwambia haya, mwite.

*

Mdogo wa Dereva alikuwa fundi kompyuta, na watu wote walimwita Daktari, kwa sababu hakwenda kwa mteja bila koti jeupe. Koti lilikuwa na mifuko mitatu. Mmoja ulibeba bisibisi, mmoja brashi, na wa tatu sijui ulibeba nini, lakini baada ya habari hii kila mtu mtaani alikuwa na dhana yake.

Alifika saa kumi. Akamwamkia shemeji yake kwa adabu, akakaa, akaiwasha kompyuta, akaiwekea sikio ubavuni huku amefumba macho. Hakufungua hata skrubu moja. Baada ya dakika chache akaizima na kutikisa kichwa kama mtu anayetafuta maneno mbele ya wafiwa.

"Shemeji, nisikudanganye. Ni mazabodi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba vitu vyote. Umekufa. Hii hapa ni maiti, tunaihifadhi tu."

"Maiti gani inafufuka kila nikiipumzisha?"

"Ndivyo zinavyokufa hizi." Akasimama, akajipangusa vumbi ambalo hakuligusa. "Kwa kuwa ni wewe, nitaichukua kama chuma chakavu. Nitakupa chochote. Mwingine hata bure hachukui."

Mama Chapa akamtazama mumewe. Dereva alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Fundi akishasema, mke wangu," akasema. "Labda ni Mungu anakwambia upumzike. Umefanya kazi sana."

"Nikipumzika tutakula nini, upepo?"

Daktari akacheka kwa heshima, akaaga. Usiku Dereva alimletea mkewe chai kitandani, jambo ambalo hakulifanya hata walipokuwa wachumba, akamwambia tena pole. Mama Chapa akalia kidogo begani kwake. Alijihisi mwanamke mwenye bahati ya mume, akalala.

*

Jumatano aliamka na ukatibu wake. Mtu aliyeshika faili miaka ishirini na sita hakubali kuambiwa kitu kimekufa bila kuona cheti. Akachukua karatasi, akachora mistari, akaiwasha kompyuta na kukaa kitako na saa.

Ilizima baada ya dakika kumi na nne. Akaandika. Akaipumzisha nusu saa, akaiwasha: dakika kumi na nne vilevile. Akaandika tena. Akaipumzisha dakika tano tu: ikazima baada ya nne. Akachomoa waya na kuchomeka pasi kwenye tundu lilelile la umeme, akapiga pasi shati zima la mumewe na pasi haikukata hata mara moja. Kwa hiyo umeme hauna kosa. Akaitazama karatasi yake. Kitu kinachopona kwa kupumzika hakijafa, akajiambia. Kimepata joto.

"Nipe bisibisi ya cherehani," akamwambia Dereva.

"Ya nini?"

"Nafungua."

"Utaiharibu kabisa, wewe mwanamke. Hiyo ni kazi ya watu."

"Na mimi ni mbuzi?"

Dereva hakuleta bisibisi. Mama Chapa aliifuata mwenyewe. Skrubu mbili nyuma, bati la ubavuni likateleza likatoka, na matumbo yote ya kompyuta yakawa wazi: nyaya, vumbi kidogo, na katikati feni nyeusi, kubwa kama sahani ya kikombe, imekalia kipande cha bati chenye mapezi. Hata asiyesoma angejua kazi yake. Akaiwasha. Taa ikawaka, kioo kikawaka. Feni ikatikisika kama mtu anayeota, halafu ikatulia tuli.

Akaisukuma kwa ncha ya penseli. Ikazunguka mara kumi, kumi na mbili, ikalegea, ikasimama. Akaisukuma tena. Ikasimama tena. Akaligusa lile bati la mapezi kwa kidole, akakirudisha kidole haraka na kukitia mdomoni.

"Mazabodi," akasema taratibu. "Mazabodi, eti."

Akainamia kuisoma feni ile, na hapo ndipo damu ilipompanda.

Mnahitaji kujua kwamba Mama Chapa alipiga mhuri kila kitu kilichoingia nyumbani kwake. Ndiyo tabia aliyotoka nayo ofisini, na nyumba nzima ilishamcheka ikachoka. Pakiti ya sukari, IMEPOKELEWA. Kalenda, IMEPOKELEWA. Kompyuta ilipokuja kutoka ofisini, kijana aliyeiunganisha alimfungulia aone ndani, naye hapohapo akakata vipande vya karatasi ya gundi, akapiga mhuri, akabandika kila kilichobandikika, hata katikati ya feni. Kijana alicheka mpaka akakaa chini. Na sasa vipande vyote vilikuwa mahali pake, kwenye nyaya, kwenye sanduku la umeme, hata kwenye kona ya huo ubao mkubwa uliosingiziwa kufa. Feni tu ndiyo haikuwa nacho. Ilikuwa na kibandiko cha kiwandani tu, bila hata alama ya gundi ya Mama Chapa. Na feni ile ya kwanza ilikuwa ya kijivu, sasa alikumbuka vizuri.

"Hii si feni yangu," akasema.

"Labda karatasi imebanduka," Dereva akasema kutoka mlangoni.

"Na rangi nayo imebanduka?"

Dereva akarudi nyuma hatua moja.

"Mdogo wako amenibadilishia. Ametoa nzima, akatia mbovu, akajua itakufa polepole, kisha aje aninunue kwa bei ya chuma chakavu. Shemeji yangu. Anayekula hapa kila Jumapili." Hakupandisha sauti. Alitaka kumlipiza. Alitaka alipe mbele za watu, na koti lake jeupe amelivaa.

Kwanza kazi. Akakwangua kile kibandiko cha katikati, akadondoshea tone moja la mafuta ya cherehani, akaizungusha kwa kidole mpaka ikalainika. Ilizunguka mpaka alasiri. Katika muda huo alipiga karatasi sita, akihifadhi kila baada ya mistari miwili, na hakuinuka hata kunywa maji. Saa kumi feni ikaanza kukwaruza, ikasimama, na mafuta hayakuisaidia tena. Ilikuwa imekwisha kweli, imelika ndani.

"Kesho saa nne," akamwambia mumewe, "mama yako aje, na Daktari aje."

"Mke wangu, haya ni ya kuzungumza wenyewe. Damu ni damu. Nitamwambia arudishe, yaishe."

"Hayaishi."

"Nakuomba."

"Mbona unaomba wewe? Umeiba wewe?"

Dereva akatoka nje. Mama Chapa hakumjali, kwa sababu alikuwa anafikiria mtu wa tatu wa kumwalika. Akachukua simu, akampigia Mwalimu Mkuu. "Mwalimu, karatasi sita ziko tayari. Pita kesho saa nne uzichukue. Nina jambo pia ningependa ulishuhudie."

*

Mama mkwe alifika wa kwanza, akakaa kwenye kiti pekee chenye mto. Alikuwa mtu wa amani, yaani mtu asiyependa jambo lolote lisikike. Mwalimu Mkuu akakaa mwisho wa benchi, mkoba mapajani, akijua ameitiwa kitu na asijue ni kitu gani. Daktari alipoingia na koti lake akamwona Mwalimu, akatabasamu. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta za shule.

"Mwalimu, na wewe umekuja msibani?"

"Nimekuja kuchukua karatasi, Daktari."

"Shemeji," Mama Chapa akasema kwa upole, na wanaomjua wangekimbia, "nimewaita wazee waisikie habari ya mashine yangu kutoka kwa mtaalamu mwenyewe. Hebu ipime tena."

Daktari akaweka sikio, akafumba macho. "Ni kama nilivyosema. Mazabodi."

"Ifungue tuione."

"Haina haja, shemeji. Vumbi hilo kwa mama..."

"Ifungue bwana, tujifunze," akasema Mwalimu Mkuu.

Akaifungua. Aliona mara moja kwamba skrubu zilikuwa nyepesi, na mikono yake ikapunguza mbwembwe. Mama Chapa akaiwasha. Feni ikatikisika, ikatulia.

"Huu ubao," Daktari akaanza, akionyesha mbali na feni kadiri alivyoweza.

"Na hicho kilichosimama ni nini?"

"Hiyo? Feni."

"Kazi yake?"

"Kupoza."

"Inapoza sasa hivi?"

Daktari akakohoa. Mama Chapa akanyoosha kidole kimoja, akaisukuma. Ikazunguka, vuu, hewa ikasikika, kisha ikalegea na kusimama. Akaisukuma mara ya pili ili mama mkwe naye aone vizuri.

"Maiti imeamka, shemeji," akasema.

Halafu akainua printa, akaonyesha chini yake: IMEPOKELEWA. Akageuza kibodi: IMEPOKELEWA. Akavuta waya mmojammoja kutoka tumboni mwa kompyuta, na kila mmoja alisimama nao mbele ya macho ya Mwalimu Mkuu kama mwalimu anayekagua kucha. Mwisho akaweka kidole katikati ya feni. "Hapa palikuwa na mhuri wangu, na feni ilikuwa ya kijivu. Tangu niubandike, mtu mmoja tu ameifungua mashine hii kabla yangu. Feni yangu iko wapi?"

"Shemeji, haya mambo ya kifundi..."

"Daktari," Mwalimu Mkuu akamkatiza. Sauti yake ilikuwa ya asubuhi ya mstarini. "Zile kompyuta sita za shule. Ulituambia mazabodi zimekufa. Tukakupa ukazitupe. Ulizitupa wapi?"

Koti jeupe lilianza kuonekana kubwa. Jasho likamtoka Daktari juu ya mdomo, na Mama Chapa akaliangalia jasho lile tone kwa tone. Tusimfiche: alisikia raha. Raha tupu, kama ya mtu aliyevua viatu vya kubana. Alitamani wateja wote wa mwaka ule wangekuwepo.

"Funguo za maabara," Mwalimu Mkuu akasema, akanyoosha mkono. "Na koti hilo usije nalo tena shuleni kwangu."

"Jamani, jamani," mama mkwe akaingilia. "Funika kombe mwanaharamu apite. Mbele ya mgeni hivi? Huyu ni mtoto wenu. Atarudisha feni, yaishe."

"Siwezi kuirudisha," Daktari akasema. Alikuwa ametoa funguo, na ghafla uso wake ukabadilika. Aliyepoteza kila kitu hana wa kumwonea aibu. "Nimeshaiuza, aliyeinunua amesafiri nayo. Lakini mimi sibebi mzigo huu peke yangu. Kaka, sema. Sema, au niseme mimi."

Watu wote wakamgeukia Dereva, ambaye alikuwa amesimama pale mlangoni ameshika fremu.

"Nyamaza, wewe," Dereva akasema.

"Ninyamaze, nimemwaga unga wangu wa shule kwa ajili yako? Shemeji, mimi nilikuja kusafisha vumbi tu. Mumeo ndiye aliyenifuata dukani. Akasema, 'Ifanye ife, lakini polepole, asijue. Nataka aiuze.' Hiyo feni nzima ilikuwa ndiyo malipo yangu. Muulize kama nadanganya."

Hakuna aliyemuuliza. Haikuwa lazima, ilikuwa imeandikwa usoni mwa Dereva. Mama Chapa akakumbuka chai, na bega, na pole kumi, ishirini, zote alizopewa na mtu aliyekuwa anahesabu siku. Na shahidi aliyemleta mwenyewe kwa mkono wake alikuwa amekaa pale kwenye benchi, anaona.

"Kwa nini?" akasema.

"Nilitaka upumzike."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa nini?"

Dereva akaiachia fremu. "Nimechoka kushika mikoba ya watu," akasema. "Nimechoka kutumwa bahasha nyumbani kwangu mwenyewe. Wanakuja, wanakuamkia wewe, mimi wananitundikia vitu. Na wewe unacheka. Nilikuwa naendesha tani thelathini, mimi."

Ilikuwa kweli, kila neno. Na ukweli wake haukumpunguzia Mama Chapa hasira hata punje moja. Angeambiwa hayo mezani, siku yoyote, angekoma kucheka. Hakuambiwa. Alinyongwa polepole kwa mkono uliomletea chai.

Mwalimu Mkuu alisimama, akapokea bahasha sita. Hakujua atazame wapi. "Mama Chapa, pole. Nipe hizo nane zilizobaki nitafute pengine. Nyumba yako ina mambo."

"Nane utazipata kesho saa sita."

"Kwa mashine ipi?"

"Hii."

Mama mkwe alikuwa ameshainuka, anatafuta jema la kufanya. "Jirani yangu ana feni ya meza. Ngoja nikaiazime, tuielekeze hapo ubavuni."

"Feni ninayo, mama," Mama Chapa akasema. Akang'oa kifuniko cha boksi la karatasi, akakiweka mkononi mwa mumewe. "Kaa hapo."

*

Alihamisha meza kwanza. Mgongo wa kioo akauelekeza mlangoni, ili maswali ya mitihani asiyaone mtu, na ubavu wa kompyuta uliokuwa wazi nao ukaelekea mlangoni. Kati ya ubavu huo na benchi la wateja akaweka kigoda. Dereva akakaa juu yake, uso kwa uso na yeyote aingiaye, akapepea.

Na ilifanya kazi, hilo ndilo lililokuwa baya kwake. Akipepea, kompyuta inakwenda. Akilegea, inaanza kuvuta miguu. Alhamisi alasiri aliacha kidogo ajinyooshe mgongo, ikazima. Mama Chapa hakumfokea. Alikunja mikono, akaitazama saa ya ukutani dakika ishirini nzima mpaka bati likapoa, akaiwasha, akasema, "Endelea."

Ijumaa wateja walianza kuja saa mbili. Muuza mitumba alikuja kuchapisha bango, akasimama katikati ya chumba.

"Dereva, vipi tena? Unachoma mishikaki?"

Dereva akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anapiga swali la Historia.

"Mwambie," akasema bila kuinua macho.

"Feni imeharibika," Dereva akasema.

"Mwambie iliharibikaje."

Ilimchukua muda. Akasema. Alisema kwa muuza mitumba, na saa tatu akasema kwa kinyozi, na saa nne akasema kwa yule binti wa chuo, ambaye safari hii aliubeba mkoba wake mwenyewe. Kila mara sauti ilishuka, na kila mara Mama Chapa alisema, "Hajakusikia." Alikuwa anabadilisha mikono, kulia, kushoto, kulia. Mgongo ulimuuma, ulionekana unavyomuuma. Mama Chapa aliona na hakumwonea huruma, na kama kuna msomaji anayemwonea, basi amwonee yeye.

Saa tano u nusu karatasi ya mwisho ilitoka kwenye printa. Saa sita kasoro dakika tano Mwalimu Mkuu alihesabu bahasha nane, akatia sahihi, akaacha juu ya meza barua ya kazi ya mwaka mzima. Alipopita karibu na kigoda alimwamkia Dereva kwa heshima sana, na heshima ile ilimuuma Dereva kuliko mkoba wowote.

Chumba kikabaki na wao wawili. Dereva akashusha kifuniko cha boksi kwenye magoti. "Tumemaliza?"

"Bado. Kuna barua moja ya mteja."

"Nani?"

"Mwanamke mmoja. Fupi tu. Pepea."

Akapepea. Mama Chapa akafungua faili lililokuwa ndani ya mashine ile tangu mwaka wa kwanza, alilowajazia wanawake kumi na mmoja wa mtaa ule, wengine kwa machozi, wengine kwa kunong'ona. KWA MHESHIMIWA HAKIMU. YAH: MAOMBI YA KUVUNJA NDOA. Mahali pa majina palikuwa patupu. Akajaza la kwake, kisha la mumewe, majina yote matatu, bila kukosea herufi. Akashuka mstari mmoja, vidole vikasimama.

"Hivi," akasema, "tarehe ya harusi yetu ilikuwa ngapi?"

Mkono wa Dereva ukapunguza mwendo. Alimtazama mkewe juu ya kile kioo, akaona miwani, akaona uso umeinama, haukunji ndita. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kumuuliza neno ambalo si la kumtuma.

"Tarehe nne," akasema. "Mwezi wa nane. Jumamosi. Umesahau? Viatu vilikubana, ukavivua chini ya meza, wakati wa kusimama kukata keki kimoja hakionekani."

"Na shahidi wako?"

"Si mdogo wangu? Kalamu ilimgomea, akaazima ya kwako." Akacheka kidogo, kwa woga, kama mtu anayejaribu ngazi. Alisikia vidole vya mkewe vinakwenda tena kwenye kibodi, taratibu, bila hasira, na moyo wake ukashuka mahali pake.

Akabadilisha mkono, akapepea kwa nguvu zaidi.